Sifa za Watu wa Korona

Barabara itokayo Tanga kwenda Pangani ikifika Kigombe, upande wa bahari kuna wavuvi na nyavu zao, upande wa bara kuna mkonge. Wavuvi wamesifiwa sana. Leo nawasifu watu wa korona, mashine inayochambua mkonge, kwa kuwa kazi yao inagusa swali linalowasumbua hata wanasayansi wa maabara kubwa: nyuzi zitashikanaje na plastiki?

Katika kilo 100 za majani ya mkonge, singa kavu, yaani nyuzi zake, ni kama kilo nne tu. Tena jani likishakatwa halisubiri: likilala shambani, utomvu hukaukia kwenye singa na kuzing'ang'ania. Ndiyo maana mkataji, dereva wa trekta na mlisha mashine hukimbizana na saa. Korona huponda jani kwa vyuma butu na kukwangua nyama yake huku maji yakisafisha. Singa huanikwa juani, hupigwa brashi, kisha mpanga madaraja huzitazama na kuzipapasa: hii 3L, hii UG. Jicho na vidole, basi.

Usafi wa singa huwa muhimu zaidi zinapochanganywa na plastiki kutengeneza, tuseme, paneli za milango ya gari. Mercedes-Benz wamewahi kutumia mkonge na kitani kwa kazi hiyo. Singa hupenda maji, plastiki huyakataa. Ukizichanganya hivihivi zitakaa pamoja bila kushikana, na ukivuta, singa itachomoka nzima, nguvu zake zote zikiwa hazijatumika. Kwa hiyo singa hulowekwa kwanza kwenye kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni, ili nta itoke na ngozi ya singa ikwaruzike. Kostiki ikiwa kidogo haisaidii. Ikizidi inaila singa yenyewe.

Sasa punguza unene wa singa mara maelfu. Mwaka 1991, Sumio Iijima wa Japani alieleza mirija ya kaboni yenye upana wa nanomita chache, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya meta. Kwa uzito wake, mrija huo unakipita chuma kwa uimara. Lakini mirija huvutana yenyewe kwa yenyewe na kugandana kama tambi zilizopoa sufuriani. Polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo zinazounda plastiki, isipopenya katikati, mirija ya ndani huteleza tu. Wataalamu hutafuta polima ambayo mnyororo wake utauzunguka mrija na kuulalia, au huichovya mirija kwenye asidi kali ili ipate mahali pa kushikwa. Asidi ikizidi, kuta hutoboka na uimara hupungua. Ni kipimo kilekile cha kostiki soda.

Na kuna kichekesho hapa. Miaka ya 1960 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, kisha kamba za nailoni na polipropilini, ambazo ni polima, zikashusha bei na mashamba mengi yakageuka vichaka. Mshindani yuleyule leo anauposa mkonge.

Anayetaka kujenga kiwanda cha paneli Tanga asianze kununua mashine ya kukandamizia. Aanze kumlipa vizuri mpanga madaraja, kwa sababu plastiki yoyote atakayoagiza itashika kwa kadiri ya singa alizopitisha huyo.