Hekalu la Mwamba la Karla

Watu wengi huingia katika jengo la kale kama waingiavyo sokoni. Hutazama huku na huku, husifu kilicho kikubwa, hupita kilicho kidogo, kisha hutoka. Ukiwauliza waliona nini, hujibu kuwa jengo lilikuwa zuri sana. Jibu hilo halina kosa, lakini halina faida pia. Mtu asemaye kuwa kitu ni kizuri, asionyeshe uzuri wake uko wapi, amefunga mlango aliopaswa kuufungua. Katika insha hii nataka kukuonyesha, msomaji, hekalu moja la Kibuddha lililochongwa katika mwamba huko India, na kupima pamoja nawe shutuma moja iwezayo kutolewa juu yake. Shutuma hiyo niliishika mimi mwenyewe nilipolizuru hekalu hilo, na sasa naona haya kidogo kuikumbuka.

Hekalu lenyewe liko Karla, karibu na mji wa Lonavala, katika milima iliyo baina ya Mumbai na Pune. Milima hiyo ni ya jiwe jeusi na gumu liitwalo basalti, lililotokana na moto wa volkeno uliomwagika juu ya nchi miaka kama milioni 66 iliyopita. Hapo kale njia za wafanyabiashara zilipita katika mabonde hayo, zikitoka bandari za pwani kwenda nyanda za juu za Deccan, na watawa wa Kibuddha walichongewa makao na mahali pa ibada karibu na njia hizo. Hekalu kubwa la Karla aghalabu huhesabiwa kuwa kazi ya karne ya kwanza baada ya Kristo. Katika India yote hapana ukumbi wa namna yake, uliochongwa ndani ya mwamba, unaoupita huu kwa ukubwa. Urefu wake ni mita kama 38, na upana na kimo chake hukaribia mita 14.

Huufikii bila ya jasho. Hupandwa mlima kwa mamia ya vidato vya mawe, na katika njia hiyo utafuatana na mahujaji ambao wengi wao hawaendi kumtazama Buddha. Wanakwenda kumwabudu mungu wa kike Ekvira, ambaye wavuvi wa Kikoli wa pwani ya Mumbai humheshimu sana, na hekalu lake dogo limejengwa mbele kabisa ya hekalu la mwamba. Upande wa pili wa njia ya kuingilia husimama nguzo ndefu ya jiwe yenye simba wanne kileleni. Hivyo dini mbili hukaa uani pamoja, moja ikiwa imekwisha kuondokewa na watawa wake, nyingine ikiwa na waumini kila siku.

Baraza ya mbele yataka uvumilivu wa macho. Kuta zake za pembeni zimechongwa tembo wakubwa chini, na juu yao ghorofa juu ya ghorofa, zenye madirisha madogo na vizuizi kama vya roshani. Hakuna anayeweza kukaa katika ghorofa hizo, maana hazina vyumba. Ni sura tu ya nyumba za mbao za zamani zile, iliyohamishiwa katika jiwe. Mlangoni kuna sanamu za wanaume na wanawake wawili wawili, wenye miili iliyojaa afya. Na juu ya mlango kuna dirisha moja kubwa sana, lenye umbo la kwato la farasi. Lishike dirisha hili katika akili, kwa kuwa ndilo taa ya hekalu zima.

Sasa ingia ndani. Simama kwanza kizani hata macho yazoee. Kulia na kushoto zitakutokea nguzo, 15 kila upande, zimekaribiana kama watu waliosimama safu. Kila nguzo huota katika kitako chenye umbo la mtungi, shina lake lina pande nane, na kichwa chake ni kama kengele iliyofunikwa. Juu ya kichwa wamepiga magoti tembo, na juu ya tembo wamekaa watu, aghalabu mume na mke. Mwisho wa ukumbi ukuta umezunguka kama nusu ya duara, na hapo pamesimama stupa, yaani kuba la jiwe ambalo watawa walilizunguka katika ibada yao, na juu yake mwavuli wa mbao. Nyuma ya stupa zipo nguzo nyingine saba, nazo hazina tembo, wala mtungi, wala kengele. Ni pande nane tupu. Mtazamaji mwenye haraka atadhani fedha zilikwisha. Mimi nadhani sivyo. Mwanga wa dirisha kubwa huipita safu ya nguzo, ukaziacha pembe gizani, ukaangukia stupa. Mahali hapo jicho lilitakiwa kutulia, na fundi mwenye akili hawezi kuliita jicho mahali pawili kwa wakati mmoja. Alizinyamazisha nguzo saba ili stupa lisikike.

Kisha inua uso utazame juu, kwa kuwa hapa ndipo ilipo shutuma niliyokuahidi. Dari imepindwa kama pipa lililopasuliwa kwa urefu, na chini yake, kutoka mlangoni hata nyuma ya stupa, zimepangwa mbavu za mbao zilizopindwa vivyo hivyo. Aliyepata kuona jahazi likiundwa atazitambua mara moja. Ni mataruma, na ukumbi ni chombo kilichopinduliwa. Nilipoziona nilikasirika. Nilidhani ni kazi ya mafundi wa siku hizi waliotaka kulipamba jengo la watu, na nikasema moyoni kuwa mambo ya kale yameharibiwa. Baadaye nikajua kuwa nimekosa. Mbavu zile ni za msaji, nazo huhesabiwa kuwa za asili, zilizotiwa na wajenzi wenyewe yapata miaka 2,000 iliyopita.

Lakini kosa langu la kwanza lilipoondoka, shutuma haikuondoka. Iligeuka tu, ikawa nzito zaidi. Mbavu zile hazibebi kitu! Dari ya Karla ni mlima wenyewe. Haikuwekwa na mtu, na haiwezi kuanguka kwa kukosa boriti. Linganisha na nyumba za mawe za zamani za Lamu. Huko boriti za mikoko hubeba dari kwa kweli, na upana wa chumba hufuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vile ni vyembamba na virefu. Mti huamuru na jiwe hutii. Huko Karla mti hauamuru chochote. Ukiziondoa mbavu zote leo, jengo litasimama kesho kama lilivyosimama jana. Basi je, jengo lililovaa kiungo kisicho na kazi si jengo la uongo? Hii ndiyo shutuma, nami sitaki uidharau, maana imejengwa juu ya kanuni njema, kwamba katika ujenzi kila kitu kiwe na kazi yake.

Jibu la kwanza hutoka katika historia. James Fergusson, Mskoti aliyeandika mengi juu ya majengo ya India katika karne ya 19, alionyesha kuwa mahekalu haya ya mwamba yalifuata mfano wa kumbi za mbao zilizoyatangulia. Kumbi zenyewe zimeoza na kupotea, lakini jiwe limehifadhi sura yao. Ng'ambo ya bonde la Karla kuna hekalu la Bhaja, lililo la kale zaidi, la karne ya pili kabla ya Kristo. Nguzo za Bhaja zimeinama kwa ndani kidogo, kama miti inavyoinamishwa ili ishindane na msukumo wa paa. Jiwe halikuhitaji kuinama, lakini fundi alikuwa bado anafikiri kwa mbao. Karla nguzo zimenyooka, ila mbavu zimebaki za mti. Ukienda Ajanta, katika pango la 26 lililochongwa mwishoni mwa karne ya tano baada ya Kristo, utaona mbavu nazo zimekuwa za jiwe. Kwa hiyo Karla ni kituo katikati ya safari. Anayeilaumu kwa kukumbuka mbao ni sawa na anayemlaumu kijana kwa kuwa na sura ya baba yake.

Walakini historia hueleza tu kwa nini kitu kipo, haithibitishi kuwa ni kizuri. Jibu la pili ni lenye nguvu zaidi. Mbavu za Karla zina kazi, ila kazi yake si ya kubeba mzigo. Fikiri juu ya vina na mizani katika shairi. Vina havibebi maana ya shairi, kwa kuwa maana yaweza kusemwa kwa maneno ya kawaida. Lakini viondoe, na sikio litakosa njia ya kufuata. Mbavu zile ni vina vya ukumbi. Zinarudi kwa kipimo kimoja, zikilichukua jicho hatua kwa hatua kutoka mlangoni, na zifikapo mwisho zinakusanyika juu ya stupa kama vidole vya mkono. Bila ya hizo dari ingekuwa mgongo mtupu wa pango, na mwenye kuingia angejiona kuwa amemezwa na mlima. Kwa hizo anajiona kuwa amepokewa nyumbani. Tena uongo hutaka mtu wa kudanganywa. Mtawa aliyepanda mlima ule kila siku alijua vema kuwa yumo ndani ya mwamba. Hakudanganywa. Alikumbushwa.

Na tukumbuke ugumu wa kazi yenyewe. Mwashi hujenga kwa kuongeza, na akikosea huvunja akajenga tena. Mchonga mwamba hufanya kazi kwa kupunguza, na kilichopunguzwa hakirudi. Mapango ya Ajanta yaliyoachwa kabla ya kumalizika yanaonyesha kuwa mafundi walianza darini wakashuka chini, wakiziacha nguzo ndani ya jiwe huku wakiondoa kilichozizunguka. Ilimpasa fundi auone ukumbi mzima kabla ya pigo la kwanza la patasi.

Waliolipa gharama wameacha majina yao katika maandishi ya Kibrahmi kutani na nguzoni. Bhutapala, tajiri wa mji wa Vaijayanti, anajitaja kuwa ndiye aliyelikamilisha jumba hili, na kulisifu kuwa bora kuliko yote katika nchi ya Jambudvipa, ndiyo India. Wengine walitoa nguzo moja moja, na miongoni mwao wamo watu walioitwa Yavana, jina lililotumiwa kwanza kwa Wayunani. Yuko muuza manukato. Na yuko seremala, Sami mwana wa Venuvasa, wa mji wa Dhenukakata, ambaye kazi ya mlango imeandikwa kwa jina lake. Jina hilo lilinifurahisha kuliko majivuno ya tajiri. Hekalu linaloshutumiwa kwa kupenda mbao lina jina la seremala mlangoni!

Sikusema kuwa halina dosari. Hekalu lilipochongwa Buddha hakuonyeshwa kwa sura ya mtu. Stupa peke yake lilitosha. Karne kadhaa baadaye watu wa imani hiyo hiyo walichonga sanamu za Buddha katika ukuta wa mbele, na kwa kufanya hivyo walikata urembo wa zamani uliokuwa umepangwa kwa kipimo. Sanamu hizo si mbaya zikitazamwa moja moja, lakini zimekuja kama msemaji aingiaye kati ya maneno ya mwenziwe. Zile hazikutii kipimo cha ukumbi, nazo mbavu zilikitii. Hapo ndipo ninapoweka tofauti baina ya pambo na kiraka.

Basi, msomaji, utakapoingia msikiti wa zamani, au kanisa, au nyumba ya babu yako, ukaona kitu kisichobeba mzigo wowote, usikimbilie kukiita uongo kama nilivyofanya mimi. Keti kwanza. Kitazame kinakoelekeza jicho, kisha kiondoe katika mawazo yako uone jengo limebaki na nini. Likibaki vilevile, kilaumu. Likibaki pango, nyamaza, ukamshukuru seremala.