Vazi Linalozaliwa kwa Nyundo

Zamani, usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Watakatifu Wote, watu wa Ayalandi na Uskoti walitoka wamejigeuza sura: wengine kwa ngozi za wanyama, wengine kwa mabua makavu, wengine kwa masizi ya jikoni usoni. Halloween ya leo, pamoja na barakoa zake za plastiki, ilitoka huko. Navutiwa na mwanzo huo kwa sababu mtu alivaa kile ambacho shamba lake na jiko lake vilimpa.

Huku Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, hatujigeuzi sura. Marehemu wetu tunawakumbuka Novemba kanisani, na tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, tunasafisha makaburi asubuhi. Lakini vazi la ngoma lililotoka moja kwa moja mtini tunalo, na mafundi wake ni Wambuti wa msitu unaopita Mbau na Oicha kuelekea Ituri.

Mwanamume ndiye anayeanza. Hubandua gome la mti, mara nyingi wa jamii ya mkuyu, akaparuza ganda gumu la nje mpaka abaki na utando wa ndani, laini na wenye majimaji. Huutandika juu ya gogo na kuupiga kwa nyundo ya mti au ya pembe ya ndovu, iliyochongwa mifuo kichwani. Akizidisha nguvu, nyuzi zinachanika. Akiogopa, kitambaa kinabaki kigumu na kitamkwaruza mchezaji mapajani. Kwa hiyo hupiga, hukunja, hugeuza, hupiga tena, na gome linapungua unene huku likiongezeka upana.

Kisha ni zamu ya mwanamke. Hukiweka kitambaa mapajani, huchanganya maji ya tunda la gardenia na makaa yaliyosagwa, na kwa kijiti au kidole huanza kuchora bila kupima. Mistari huenda sambamba, halafu mmoja unapinda. Vitone vinajaa pembeni, halafu vinakoma. Sehemu kubwa huiacha tupu, na hapo ndipo ninapouona ufundi wenyewe: jicho linapumzika, kisha linarudi kwenye mistari kwa hamu mpya. Michoro ya aina hiyo huichora pia mwilini, kwa hiyo kwenye ngoma ngozi na nguo husema pamoja.

Ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, Waganda nao hupiga gome la mti wa mutuba, na UNESCO iliutambua ufundi wao mwaka 2005. Wanastahili. Hawa wa kwetu wanastahili vilevile, tena kwa uharaka, maana tangu mauaji ya raia huku Beni yaanze mwaka 2014 familia nyingi za Wambuti zimekimbia msitu, na fundi asiyefika mtini hana cha kupiga.

Vitambaa vya zamani vya Wambuti vimehifadhiwa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Vingi vimeandikwa kabila na msitu tu, bila jina la mama aliyechora. Ukiuziwa kipya, muulize mchoraji jina lake, uliandike pembeni pamoja na mwaka.