Kitabu Kilichofichwa na Mapenzi Yaliyonyamazishwa: Tahakiki ya Il nome della rosa ya Umberto Eco

Ikisiri

Il nome della rosa (1980), riwaya ya Umberto Eco, husomwa zaidi kama hadithi ya kitabu kilichopigwa marufuku. Makala haya yanaonyesha kuwa katazo la kitabu na katazo la mapenzi baina ya wanaume yanafungamana katika msuko wake, kiasi kwamba mpelelezi hawezi kulifumbua la kwanza bila kulipitia la pili. Hata hivyo, riwaya inakitetea kitabu waziwazi huku ikiwaacha wapenzi wasikike kwa vinywa vya wengine tu.

Utangulizi

Msomaji wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili hatamwona Guglielmo wa Baskerville kuwa mgeni kabisa. Jina lake linaelekeza kwa Sherlock Holmes, ambaye pia ni babu wa kifasihi wa Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Bwana Msa ana Najum. Guglielmo ana Adso, novisi kijana anayekuja kusimulia kisa uzeeni. Wapelelezi hawa wawili wanakataa maelezo ya kimiujiza. Pale wengine wanapoona mkono wa mzimu, Bwana Msa hutafuta mkono wa mtu. Pale watawa wanapoona unabii wa Ufunuo ukitimia, Guglielmo hutafuta nyayo, maandishi na sumu.

Kisa kinatokea kwa siku saba, Novemba 1327, katika abasia ya Wabenedikto milimani kaskazini mwa Italia. Watawa wanakufa mmoja baada ya mwingine. Chanzo ni kitabu cha pili cha Poetiki ya Aristotle, kihusucho vichekesho, ambacho Jorge wa Burgos, mtawa mzee kipofu, amekificha maktabani na kuzitia sumu kurasa zake. Jorge anaamini kuwa kicheko kikipewa heshima ya falsafa, watu watakoma kumwogopa Mungu.

Siri na bei yake

Kifo cha kwanza, hata hivyo, hakitokani na sumu hiyo. Adelmo wa Otranto, kijana anayepamba miswada kwa michoro, ana hamu ya kuijua siri ya maktaba. Berengario wa Arundel, msaidizi wa mkutubi, anamtamani Adelmo, naye anaahidi kumfunulia siri kwa malipo ya mwili. Adelmo anakubali, anajuta, kisha anaanguka miguuni pa Jorge kutubu. Anatoka hapo akiwa amejaa hofu ya jehanamu, na usiku huohuo anajiua. Kabla ya kufa amekwisha kumdokezea Venanzio, mfasiri wa Kigiriki, habari za kitabu, na mnyororo wa vifo unaanzia hapo.

Mpangilio huu una uzito wa kidhamira. Kama kitabu kingekuwa wazi kwa wasomaji, Berengario asingekuwa na bidhaa ya kuuza. Na kama hamu yake ingeweza kutamkwa bila hofu, huenda asingeivika vazi la biashara. Abasia inayofungia vitabu na hisia kwa kufuli moja ndiyo inayozalisha soko la siri. Guglielmo analigusa jambo hili anapomweleza Adso kuwa kiu ya Bencio ya kujua ni ndugu wa tamaa ya mwili: imegeuza njia tu.

Jorge anaijua nguvu ya siri kuliko wote. Anapotaka kitabu kirudi mikononi mwake, anamwambia mkutubi Malachia kwamba Severino, mtawa wa dawa za miti, amekuwa na uhusiano na Berengario. Malachia, ambaye naye amefungamana na Berengario, anamuua Severino kwa wivu. Hivyo anayeyalaani mapenzi hayo ndiye anayeyatumia. Kipofu huyu hawezi kuona maandishi, lakini anajua nani anampenda nani, na ujuzi huo unaua bila kuhitaji sumu.

Nani anashika kalamu

Swali la usimulizi linaibuka hapa. Adelmo amekwisha kufa kisa kinapoanza. Mambo yake yanafahamika kupitia Bencio, aliyesikiliza kwa siri, na Berengario, anayehojiwa akitetemeka. Hakuna mahali ambapo mmoja wao anazungumzia mapenzi nje ya lugha ya dhambi na ungamo. Kinyume chake, usiku ambao Adso anakutana na msichana wa kijijini jikoni unasimuliwa kwa kirefu, kwa lugha inayochota utamu wa Wimbo Ulio Bora. Adso mzee anajua ametenda dhambi, lakini hakosi maneno ya furaha.

Inaweza kutetewa kuwa mtawa wa karne ya 14 asingeweza kusimulia vinginevyo, na kwamba riwaya ya kihistoria inalazimika kuheshimu mipaka ya zama zake. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haitoshi. Adso huyohuyo ameivuka mipaka hiyo alipojisimulia mwenyewe. Tena, msichana naye hana jina, lugha yake haieleweki kwa Adso, na mwishowe anachukuliwa na Bernardo Gui kwa tuhuma za uchawi. Kinachoamua nani apewe lugha ya furaha, basi, ni nafasi ya anayeshika kalamu.

Adelmo ameacha ushahidi mmoja tu wa mkono wake: michoro ya pembezoni mwa miswada, ambamo mbwa wanamkimbia sungura na paa wanamwinda simba. Ni ulimwengu uliopinduliwa, unaochekesha, na Jorge anauchukia. Kwa hiyo Adelmo ndiye msomaji aliyefaa zaidi kwa kitabu ambacho hakuwahi kukisoma. Alikuwa akikitenda kwa wino na rangi kabla ya kujua kuwa kipo.

Hitimisho

Guglielmo anamfikia Jorge kwa kufuata mpangilio wa Ufunuo ambao anakuja kugundua haukuwapo, na maktaba inateketea. Kushindwa huko kumesomwa na wengi kama kushindwa kwa akili mbele ya vurugu za dunia. Usomaji uliopendekezwa hapa unaongeza hasara nyingine. Riwaya ya upelelezi huahidi kuwa kilichofichwa kitasemwa, na Eco anaitimiza ahadi hiyo kwa kitabu: kabla ya moto, Guglielmo anafungua ukurasa wa mwanzo na kuufasiri kwa sauti. Adelmo na Berengario wanafafanuliwa kikamilifu kama sababu za vifo, na hapo uchunguzi unakoma. Fumbo lao limefumbuliwa, lakini Adelmo hakuachiwa hata sentensi moja isiyopita kwanza kinywani mwa mtu mwingine.