Heko, Madaktari wa Gorila

Mwaka 1986, miezi michache baada ya mtafiti wa gorila Dian Fossey kuuawa, daktari wa wanyama James Foster alitoka Marekani kwenda Rwanda kuwatibu gorila wa milimani. Leo kazi hiyo, iliyoenea hadi Uganda na Kongo, imo zaidi mikononi mwa madaktari wazawa, na hilo ndilo ninalolipongeza kwanza.

Mgeni anayetamani kujitolea kando yao ajue nafasi ni finyu. Anayekohoa haingii msituni, kwani mafua yetu huweza kumuua gorila. Picha ya kumpakata mtoto wa gorila aisahau kabisa.

Wala si kila kidonda hutibiwa. Daktari huingilia kati uhai ukiwa hatarini, au madhara yakiwa yametokana na binadamu: gorila mchanga kanaswa na tanzi lililotegewa swala, kwa mfano. Hapo mama na mtoto huchomwa sindano ya usingizi kutoka mbali, wafuatiliaji humzuia dume aliyepandwa na hasira, waya hukatwa, jeraha husafishwa, kisha watu hurudi nyuma upesi. Msaidizi huenda ameshika daftari tu, akihesabu pumzi. Kazi hasa!

Na matumaini yapo: mwaka 2018 gorila hao wa milimani waliondolewa kwenye daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Idadi yao imeshapita 1,000.