Kidzongkha na Kiholanzi: Kuhusu Kipimo cha Lugha

Wako waandishi wanaozigawa lugha za dunia katika mafungu mawili: kubwa na ndogo, tajiri na maskini. Kipimo chao ni idadi ya wasemaji na wingi wa vitabu. Katika kurasa hizi nataka kukikosoa kipimo hicho, na kwa kusudi hilo nimechagua lugha mbili ambazo ni nadra kuwekwa kwenye mzani mmoja: Kidzongkha cha Bhutan na Kiholanzi.

Tukitumia kipimo hicho cha kawaida, shindano linakwisha kabla halijaanza. Kiholanzi kinasemwa na watu wapatao milioni 24 katika Uholanzi, Ubelgiji na Suriname. Biblia iliyotafsiriwa kwa amri ya serikali ilitoka mwaka 1637, nayo ilisaidia sana kuimarisha lugha ya maandishi. Mwaka 1980 Uholanzi na Ubelgiji ziliunda chombo kimoja cha kuitunza lugha yao. Bhutan, kwa upande wake, ilihesabu watu wasiozidi 730,000 katika sensa ya 2017, nao wamegawanyika katika lugha zinazokaribia 20. Kidzongkha, yaani "lugha ya ngome", ni lugha ya kuzaliwa ya watu wa wilaya nane za magharibi tu, kati ya wilaya 20. Kilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1971. Kabla ya hapo, kwa karne nyingi, wasomi wa Bhutan waliandika kwa Kitibeti cha kale, kama Wazungu walivyoandika kwa Kilatini.

Basi je, tumekwisha kuhukumu? Hata kidogo. Hatujatazama bado lugha zenyewe zinafanya nini kinywani mwa msemaji.

Tutazame hesabu kwanza. Kidzongkha kina hesabu ya makumi, lakini pia kina hesabu ya zamani inayokwenda kwa ishirini-ishirini. Arobaini ni ishirini mbili, sitini ni ishirini tatu. Hamsini je? Hamsini ni "nusu kuelekea ishirini ya tatu": ishirini mbili zimetimia, ya tatu imefika nusu. Msomaji atasema hayo ni mambo ya milimani. Lakini muulize Mholanzi saa nane u nusu anaiitaje. Kwao ni saa mbili na nusu, naye atakwambia "half drie", yaani "nusu tatu". Saa ya pili imetimia, ya tatu imefika nusu. Lugha hizi mbili hazina undugu wowote wa karibu, hata hivyo zimepita njia moja: kuhesabu kwa kutazama kule tuendako, si kule tulikotoka. Sisi Waswahili tunatazama nyuma; tunataja saa iliyokwisha timia, kisha tunaongeza nusu.

Sasa tuje kwenye tofauti, nayo ndiyo iliyonivuta kuandika. Kiholanzi kina neno "is", sawa na "ni" yetu. Ukisema "Hij is ziek", yaani "Yeye ni mgonjwa", umekwisha sema. Ukitaka kuonyesha kwamba umeambiwa tu, lipo neno la kuongeza, "schijnt", ambalo linakaribiana na "eti" yetu. Ukitaka kuonyesha kwamba umegundua, lipo "blijkt", jirani wa "kumbe". Lakini hulazimishwi. Waweza kuyaacha yote mawili, na sarufi isikudai kitu.

Kidzongkha kinadai. Kina "ni" zaidi ya moja. Ipo 'ing, ya jambo ambalo msemaji analijua siku nyingi na limekuwa sehemu ya ujuzi wake. Ipo 'immä, ya jambo ambalo amelijua sasa hivi kwa kuliona au kuligundua. Huyu ni mwanangu: nitatumia ya kwanza. Huyu, kumbe, ni mwalimu: nitatumia ya pili. Kile ambacho kwetu na kwa Waholanzi ni kitoweo cha sentensi, kwa Wabhutan ni unga wenyewe. Huwezi kusema "ni" bila kuonyesha ulivyolipata jambo lako.

Sidai kwamba kwa sababu hiyo Wabhutan ni wakweli kuliko Waholanzi. Uongo unasemeka kwa kila lugha. Ninalosema ni kwamba lugha iliyoitwa ndogo imejenga ndani ya kitenzi chake ustadi ambao lugha iliyoitwa kubwa imeuacha kwa hiari ya msemaji. Kipimo cha wingi wa vitabu hakiuoni ustadi huo.

Aliyeueleza ustadi huo kwa ufasaha ni Mholanzi, George van Driem, aliyeandika sarufi ya Kidzongkha kwa kazi aliyopewa na serikali ya Bhutan. Kitabu chake kilichotoka Leiden mwaka 1998, kwa ushirikiano na Mbhutan Karma Tshering, nakiheshimu sana. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini lipo la kukosoa. Van Driem alibuni pia namna ya kuandika Kidzongkha kwa herufi za Kilatini, na serikali ikaipitisha mwaka 1991. Inafuata sauti kwa usahihi mkubwa. Jina la nchi, ambalo kwa herufi za jadi huandikwa kama "'brug", hutamkwa karibu na "druk". Hata hivyo shule na vitabu vya Bhutan vimebaki na herufi za jadi. Waholanzi hurekebisha tahajia yao mara kwa mara, kama walivyofanya 1995 na 2005, maana kwao tahajia ni chombo. Kwa Mbhutan tahajia ni pia daraja la kufikia maandiko ya dini yake. Kosa si la masikio ya mtaalamu; maandishi hayaandikiwi masikio peke yake.

Lakini hatari kubwa haitoki huko. Tangu miaka ya 1960 shule za Bhutan zinafundisha masomo mengi kwa Kiingereza, na Kidzongkha kimebaki somo. Katika vyuo vikuu vya Uholanzi nako Kiingereza kimetwaa sehemu kubwa ya masomo ya shahada ya uzamili, hata serikali ikaingiwa na wasiwasi. Tazama basi: milioni 24 na vitabu vya karne nne havikumkinga Mholanzi na kile kinachomtisha Mbhutan. Kitakachozilinda lugha hizi si ukubwa wake, bali kazi zinazopewa. Mtoto wa Thimphu akijifunza sayansi kwa Kidzongkha, kila kanuni atakayoitamka itamdai aonyeshe kama ni jambo alilokwisha lijua au ndiyo kwanza analigundua. Sijui swali gani la kisayansi linalolizidi hilo.