Mbwa Asiye na Jina

Katika riwaya fupi ya John Steinbeck, Of Mice and Men (1937), mbwa wa mzee Candy hana jina. Jike la Slim linaitwa Lulu. Huyu wa Candy, aliyelelewa naye tangu udogoni na kuchunga naye kondoo, anabaki "mbwa" tu hadi risasi inapolia. Darasani tulimsoma kama ishara. Candy ni mzee, amepoteza mkono kazini, na anajua kwamba siku atakaposhindwa kufagia bweni la vibarua atafukuzwa; mbwa amemtangulia tu njiani. Usomaji huo una ushahidi wa kutosha. Ila naona nao unampita mbwa mwenyewe, kama walivyompita wale wanaume bwenini.

Tazama mpangilio wa hoja za Carlson katika sura ya tatu. Kwanza harufu: mbwa ananuka, atolewe nje. Kisha hana meno, amekakamaa kwa baridi yabisi, hamfai Candy kwa lolote. Mwisho kabisa ndipo anapoongeza kwamba hata nafsi yake mwenyewe haifai. Maumivu ya mbwa yanakuja mkiani, baada ya pua za watu na baada ya faida. Lakini Steinbeck hakumfanya Carlson mwongo. Mbwa ni kipofu karibu kabisa, anatembea kwa shida, na hata Slim, ambaye neno lake halipingwi pale shambani, anakubali kwamba ni afadhali apumzishwe. Huenda uamuzi ni sahihi. Umetolewa tu na watu waliokuwa na haraka ya kulala kwenye chumba kisichonuka.

Candy anaomba kitu kimoja: kesho. Wasomaji wengi huliona ombi hilo kuwa woga, nao hawakosei kabisa, kwa sababu kesho ya namna hiyo huzaa kesho nyingine, na anayelipa gharama ya kila moja ni mnyama. Hata hivyo ni Candy peke yake anayemjua mbwa huyu kwa miaka yote hiyo. Usiku mmoja ungemtosha kuufanya uamuzi uwe wake, au kumpeleka nje yeye mwenyewe. Carlson haoni sababu ya kungoja. Anamfunga mbwa kamba ya ngozi na kumwongoza gizani, na Slim anamkumbusha achukue beleshi.

Nimeisoma sura hii mara nyingi mwaka huu kwa sababu nyumbani kwetu Moshi tuna mbwa wa miaka kumi na minne, Simba, ambaye miguu ya nyuma imeanza kumkataa. Jirani analalamikia harufu. Baba anasema halindi tena. Mama anasema tumwache afe kwa siku yake. Nilipowasikiliza kwenye simu nilitambua kwamba hakuna aliyekuwa amemtaja Simba.

Daktari wa mifugo Mmarekani, Alice Villalobos, ametunga kipimo kinachotumiwa na wengi katika hali hii. Kina vipengele saba: maumivu, kula, kunywa, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kila kimoja hupewa alama 0 hadi 10, na jumla inayozidi 35 humaanisha kwamba mnyama bado ana maisha ya kuendelea kutunzwa. Nikikiweka kando ya sura ya tatu, naona kilichokosekana bwenini. Kinauliza habari za mbwa na kuacha nje pua ya jirani na kazi ya ulinzi. Hata usafi humo ni wa mwili wake, kama analala kwenye uchafu wake au ana vidonda. Lakini namba haisemi nani amshike kichwa sindano ikiingia. Hilo Steinbeck analijua zaidi.

Mlio wa risasi tunausikia tukiwa ndani. Hatuuoni uso wa mbwa. Tunamwona Candy amelala chali akitazama dari, kisha anageukia ukuta. Baadaye anamwambia George kwamba hakupaswa kumwachia mgeni kazi ile, ilikuwa yake. George anazingatia: bastola ile ile ya Carlson ndiyo anayoichukua mwishoni kwa ajili ya Lennie.

Nyumbani tumekubaliana kuandika alama kila jioni kwenye daftari. Wiki iliyopita Simba alipata 41, juzi 36. Bwana mifugo ameshaambiwa. Jumla ikishuka chini ya 35 siku tatu mfululizo nitapanda basi, na nitakayekuwa nimemshika ni mimi.