Mtembezi na Miguu Yake

Mtembezi hula miguu yake, wasema wahenga, na methali hiyo humkusudia mtu atokaye nyumbani pasi na haja maalumu, akarejea mikono mitupu, hana alichovuna ila uchovu. Kwa kipimo hicho William Wordsworth (1770–1850) angehesabiwa mla miguu mkubwa miongoni mwa washairi wa Kiingereza. Mwandishi Thomas De Quincey, aliyemjua kwa karibu, alikadiria kuwa miguu ya mshairi huyo ilikwisha kwenda maili 175,000 au zaidi. Hakuwa mchuuzi wala tarishi. Alitembea kando ya mito na maziwa, akapanda vilima, na mashairi yakatungika. Swali linalompasa mpenzi wa ushairi kuuliza ni hili: katika matembezi hayo, ni nani aliyevuna, na ni nani hasa aliyekula miguu yake?

Shairi la kuanzia ni lile la Julai 1798, lililotungwa katika bonde la Mto Wye, ambao sehemu yake ya chini ni mpaka wa Uingereza na Wales. Wordsworth alikuwa na umri wa miaka 28. Alikwisha kufika huko mwaka 1793. Safari hii alifuatana na Dorothy, ndugu yake wa kike aliyemfuata kwa kuzaliwa. Uzeeni alieleza kwamba alilianza alipokuwa akitoka Tintern, baada ya kuuvuka mto, na akalimaliza akiingia Bristol jioni, mwisho wa mwendo wa siku nne au tano. Hakuandika hata mshororo mmoja mpaka alipofika mjini. Mwaka ule ule likachapishwa, likiwa la mwisho katika diwani ya Lyrical Ballads aliyoshirikiana na Samuel Taylor Coleridge.

Msomaji aliyelelewa na vina atalishuku. Mishororo yake takriban 160 haina kina hata kimoja, na kwa sheria za pwani hilo pekee lingetosha kuliita guni. Lakini mizani imo, kumi kwa kila mshororo, mwepesi na mzito wakipokezana mara tano. Si kwamba mizani hiyo ilizaliwa njiani. Milton aliitumia katika Paradise Lost mwaka 1667, naye alikuwa kipofu aliyewatamkia wengine waandike. Alichofanya Wordsworth ni kuiachia sentensi ivuke mwisho wa mshororo, ikapanda mishororo mitano, sita, saba, mfano wa mtu apandaye kilima asiyetaka kusimama kabla ya kufika tambarare. Katika shairi la Kiswahili pumzi hutua penye kina. Hapa msomaji akitua mwisho wa kila mshororo, maana humkatikia mkononi. Hana budi kujifunza kutua pale sentensi inapotua, na akishajifunza hilo atausikia mwendo wa mwili ndani ya fikra.

Kichwa cha shairi kinaitaja monasteri ya Tintern, iliyoasisiwa mwaka 1131 na kufungwa mwaka 1536, ila magofu yake hayaonekani popote ndani ya beti. Kinachoonekana ni magenge, vibanda vya wakulima, miti ya matunda isiyoiva, na moshi upandao kutoka msituni, ambao mshairi anakisia kuwa ni wa watu wasio na makao au wa mtawa aliyejitenga. Tangu miaka ya 1980 wapo wahakiki waliomlaumu kwa hayo: bonde lilikuwa na viwanda vya chuma na mafukara wengi, naye akawageuza kuwa moshi wa kupendeza. Lawama hiyo ina haki kiasi. Ushahidi wake mzuri zaidi, hata hivyo, umo katika jambo dogo. Mshairi anaziona nyua za miti zinazogawa mashamba, kisha anajisahihisha hapo hapo: si nyua hasa, ni mistari ya vichaka vilivyokimbia ovyo kwa furaha. Mpaka wa mwenye shamba umegeuzwa kichaka kinachocheza. Aweza kuuona hivyo mtu ambaye ua haujapata kumzuia.

Nguvu ya shairi hili, pamoja na hayo, iko katika sehemu yake ya mwisho. Mishororo zaidi ya mia moja inapita msomaji akidhani kuwa mtembezi yuko peke yake na kumbukumbu zake. Ghafla anamgeukia mtu aliye ubavuni, na mtu huyo ni Dorothy. Mfasiri atakayelileta shairi katika Kiswahili atapata shida hapo. Akisema “dada”, msikilizaji wa pwani atadhani ni mkubwa wake, na Dorothy alikuwa mdogo. Neno linalofaa lipo katika tungo za kale, nalo ni “umbu”, ndugu wa jinsia nyingine, lisilojali nani alitangulia kuzaliwa. Umbu ndiye anayeyapa maneno yote yaliyotangulia mahali pa kwenda. Kiswahili kinalijua jambo hili katika sarufi yake, kwani kutoka katika kutembea huzaliwa kumtembelea mtu.

Dorothy hakupewa nafasi hiyo kila mara. Tarehe 15 Aprili 1802 ndugu hao walikuwa wakipita kando ya ziwa Ullswater, wakakuta maua ya manjano ya dafodili yamejaa ufukweni, upepo mkali ukiyachezesha. Dorothy aliyaandika katika shajara yake, na hakuacha kutaja kwamba mengine yalionekana kama yaliyochoka, yakajilaza maweni. Kaka yake alitunga shairi juu ya maua hayo mwaka 1804 na kulichapisha mwaka 1807. Nalo ndilo lijulikanalo kuliko yote aliyoyatunga. Ndani yake mtembezi yuko peke yake, na maua yote yanacheza, hapana hata moja lililochoka. Ni shairi tamu, na vina vyake havina dosari. Lakini ni dogo kuliko lile la Wye, kwa kuwa limefuta nyayo za pili. Aliyeyaona maua yaliyochoka ni yule ambaye jina lake halimo.

Wa tatu katika safu hii ni John Clare, aliyezaliwa mwaka 1793 katika kijiji cha Helpston, mtoto wa kibarua. Mwaka 1809 ilipitishwa sheria ya kuigawa ardhi ya kijiji hicho na majirani zake na kuizungushia nyua, na kazi hiyo ikakamilishwa mwaka 1820. Malisho ya wote yakapata wenyewe. Katika shairi lake The Mores, la miaka ya 1820, njia za miguu alizozizoea tangu utotoni zinakutana na vibao vinavyomwambia mpita njia kwamba hapana ruhusa. Ua ambao machoni mwa Wordsworth ulikuwa kichaka kinachocheza, kwa Clare ni ua.

Julai 1841 Clare alitoroka katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Essex, akaenda kwa miguu siku nne, maili zipatazo 80, kurejea kwao. Akilini mwake alikuwa akimwendea Mary Joyce, kipenzi chake cha ujanani, aliyekwisha kufariki mwaka 1838. Usiku alilala kichwa kikielekea kaskazini, ili akiamka aijue njia. Njaa ilipomzidi alikula majani ya kando ya barabara. Habari hiyo aliiandika kwa nathari alipofika, bila kujihurumia na bila pambo, na hapana maandishi ya matembezi katika Kiingereza yanayoipita kwa ukweli.

Watembezi wajazao leo njia za Mto Wye na vilima vya Ullswater aghalabu humchukua Wordsworth mkobani. Haki yao ya kupita ina historia nyingine. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana wafanyakazi waliupanda mlima Kinder Scout bila ruhusa ya wenye ardhi, na watano wakafungwa. Sheria ya mwaka 2000 ndiyo iliyowafungulia wananchi wa Uingereza na Wales sehemu kubwa ya milima na nyika. Malalamiko yaliyofika huko yanafanana zaidi na ya Clare. Kwa hiyo anayetaka kuujua ushairi wa njia hizo asiishie kwenye shairi la Wye, kubwa kama lilivyo. Alisome pamoja na shajara ya umbu wake, kisha asome zile siku nne za Clare, ambapo methali ya wahenga inakosa cheko.